Mkaguzi Aliyeipiga X Nyumba Yake

Leo Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Venanti Niyonkuru, Mkaguzi wa Majengo wa Mji Mdogo wa Muhororo, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya kuutumikia umma kwa miaka thelathini na mitatu. Alianza tarehe mosi Julai 1992 na anamaliza leo, bila siku kuzidi wala kupungua. Hesabu hiyo naitaja mapema kwa sababu aya hii ya kwanza nilimwonyesha ikiwa imeandikwa "zaidi ya miaka thelathini", naye akairudisha mezani kwangu ikiwa na duara la penseli kwenye neno "zaidi". Aya zilizobaki nilimficha.

Alianza Kibondo akiwa fundi msaidizi mwenye baiskeli ya ofisi, futikamba na kalamu ya risasi sikioni. Mwaka 1999 alihamishiwa Kasulu, na mwaka 2008, Muhororo yetu ilipopewa hadhi ya mji mdogo, aliletwa hapa kuanzisha ofisi ya vibali vya ujenzi. Ofisi yenyewe ilikuwa meza moja ndani ya ghala la zamani la mahindi. Masijala ilikuwa kasha la sabuni, na wazee wa ofisi wanasema lilikuwa linafungwa kwa kufuli.

Wananchi wanamwita Mzee Choo Kiko Wapi, na jina hilo amelichuma mwenyewe. Unaweza kumpelekea mchoro wa nyumba yenye vyumba sita, baraza na nguzo nene kama za benki, lakini hatasoma hata jina lako. Ataukunjua mezani, ataisogeza miwani, kisha atauliza, "Choo kiko wapi?" Anataka kuona shimo la choo limekaa umbali gani na kisima, chako na cha jirani. Miaka yake ya kwanza Kibondo alipita vitongoji ambako vitu hivyo viwili vilikaribiana mno, akaona watoto wanavyoumwa matumbo. Tangu hapo kwake sebule ni jambo la baadaye.

Watu wa kijiji cha Kitanga wanamkumbuka kwa jambo jingine. Mwaka 2004, akiwa bado Kasulu, alisimamisha ujenzi wa kanisa dogo kwa sababu milango ilichorwa ifunguke kwa ndani. Katekista alinuna miezi miwili, lakini milango iligeuzwa ikafunguka kwa nje. Miaka mitatu baadaye, Jumapili ya mavuno, kundi la nyuki lilishuka kutoka darini wakati wa matoleo, na waumini mia mbili na ushee walikuwa nje kabla kwaya haijamaliza ubeti. Aliyeumwa sana ni katekista peke yake, kwa kuwa alirudi kuokoa kinanda. Kila mwaka humletea Mzee Venanti chupa ya asali na kusisitiza kwamba ni ya nyuki walewale.

Mimi nilimfahamu kabla sijaajiriwa. Mwaka 2015 baba yangu, Mzee Ininahazwe, aliyekuja nchi hii akiwa mkimbizi kutoka Burundi na sasa ni raia mwenye cheti, aliomba kibali cha kujenga duka la spea za baiskeli. Michoro yake ilirudishwa mara nne. Nyumbani tulimpa mkaguzi yule majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye jarida la watumishi. Mara ya tano Mzee Venanti alimketisha baba pembeni ya meza yake, akatoa rula, wakachora pamoja mpaka saa za kazi zikaisha. Kibali kilipotoka baba alikitundika ukutani, juu ya picha ya harusi. Alisema kile cheti cha uraia kilimwambia yeye ni nani, na karatasi hii imemwambia atakaa wapi. Mimi nikaenda kusomea ujenzi, na mwaka 2021 nikawa mwanafunzi wa mtu tuliyekuwa tunamteta.

Sasa nifike kwenye X, maana najua wengi mlifungua ukurasa huu kwa ajili yake.

Mwaka 2012 ramani ya mji ilipokamilika, iliamuliwa kwamba kila nyumba iliyojengwa bila kibali ipigwe alama nyekundu ya X hadi mwenyewe atakapoomba na kupata kibali. Mtaa wa Kumwayi ulikuwa na nyumba kumi na nne za namna hiyo. Mojawapo ilikuwa ya Mzee Venanti, aliyejenga mwaka 2009 kwenye shamba la mihogo alilouziwa na kijiji, wakati ramani hiyo haijafikiriwa. Kila mtu alitarajia kwamba kopo la rangi litapita mbali na kwake. Asubuhi ya kazi, saa moja, alianzia kwake.

Mkewe, Mama Immakulata, alikuwa anafagia uwanja. Alipomwona mumewe ameshika brashi alifurahi, kwa kuwa ahadi ya kuipaka rangi nyumba ilikuwa na umri sawa na nyumba yenyewe. Alimwita jirani aje aone. Jirani alikuja, wakasimama pamoja, wakatazama mstari wa kwanza ukishuka kutoka kulia na wa pili ukishuka kutoka kushoto. Mama Immakulata aliingia ndani, na chai ya asubuhi hiyo haikuonekana. Siku ya tatu alitundika ungo wake wa kupepetea maharage juu ya ile X. Ungo ulikaa pale miaka kumi na mitatu, na maharage yalipepetewa kwa ungo wa kuazima.

Nyumba nyingine kumi na tatu zilipata vibali, moja baada ya nyingine. Kila mara Mzee Venanti alikwenda mwenyewe na kopo la rangi nyeupe kuifuta alama, kwa sababu kanuni yake ni kwamba aliyeandika ndiye afute. Ya kwake ilibaki. Mganga hajigangi, na maombi ya watu hayakuwahi kuisha mezani. Alisema atajaza fomu yake akipata nafasi, na sisi tuliokuwa tukimletea mafaili kila siku hatukumpa nafasi hiyo.

Januari mwaka huu likatoka tangazo. Eneo la Kumwayi linapimwa upya kwa ajili ya stendi ya mabasi, na nyumba yoyote yenye X isiyo na kibali itabomolewa kuanzia tarehe mosi Julai. Mzee Venanti alilibandika tangazo hilo ubaoni kwa mikono yake. Nyumba iliyobaki ilikuwa moja. Mtu aliyewapatia watu wa Muhororo vibali zaidi ya mia tisa alikuwa anakaribia kuamka siku yake ya kwanza ya ustaafu akiwa hana nyumba, na nyingine hana. Hapo ofisi nzima ilianza kutembea na roho mkononi.

Alileta ombi lake tarehe 3 Machi, likiwa la arobaini na saba kwenye daftari. Tuna mfumo wa kompyuta siku hizi, lakini mfumo ukilala daftari lake linakuwa macho, na foleni inafuata daftari. Kanuni zake ni mbili. Hakuna anayeruka foleni, awe diwani, padri au mkwe wa mkurugenzi. Na ombi lenye kasoro likirudishwa, linaanza tena mkiani.

Faili lilikuja kwangu. Nilikunjua mchoro aliouchora mwenyewe kwa ule mkono wake safi, nikautazama, nikautazama tena. Hakukuwa na choo. Nyumba ipo, kisima kipo, mwembe upo, hata banda la kuku lina vipimo, ila choo amekisahau.

Nililikalia faili lile siku mbili. Nilifikiri nikichore mwenyewe kimyakimya, na sioni aibu kukiri kwamba rula nilishaishika. Lakini nilikumbuka michoro minne ya baba yangu. Nikaandika pembeni kwa penseli, "Choo kiko wapi?" na kumrudishia. Aliyasoma maneno yale akiwa amesimama. Akavua miwani, akacheka mpaka akakaa, kisha akasema, "Ego, ndiyo, mwanangu. Andika mkiani." Nikaandika namba sitini na moja.

Mei ombi lilirudishwa mara ya pili. Safari hii sahihi ya jirani ilikuwa imetiwa na mpangaji badala ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni Mzee Sylvesta, ambaye nyumba yake ilikuwa ya pili kupigwa X asubuhi ile ya 2012, na ambaye kibali chake kilimgharimu safari tisa ofisini. Siku hizi anaishi Kibondo kwa binti yake. Mzee Venanti alipanda gari akamfuata. Mzee Sylvesta alimkaribisha kwa heshima zote, akaomba michoro, akaisoma ukurasa kwa ukurasa mchana kutwa, mbele kwenda nyuma na nyuma kurudi mbele, akakataza chakula kisiletwe kabla hajamaliza. Jua lilipoanza kushuka alitia sahihi na kusema, "Sasa umejua tulivyokuwa tunasubiri, ndugu yangu." Mzee Venanti alipotusimulia hakucheka. Alisema mzee yule ana haki. Ombi likawa namba themanini na nane.

Kamati ya vibali hukaa Alhamisi ya mwisho ya mwezi na husikiliza maombi ishirini na tano, hayazidi. Mkuu wetu wa idara, Bwana Lukmani, alipendekeza mapema faili la Mzee lipandishwe kikao cha Mei. Mzee Venanti alimuuliza nani atolewe. Bwana Lukmani akafungua daftari, akakuta wa mwisho katika kikao kile ni Dada Esteri, mama wa watoto wanne anayetaka kujenga saluni karibu na soko. "Mwite umwambie wewe," alisema Mzee, na mjadala ukafungwa. Kikao cha Juni kilikuwa na maombi ya namba sitini na nne hadi themanini na nane. Kwa hiyo yeye alikuwa wa mwisho kabisa, kwenye kikao cha mwisho, siku nne kabla ya kustaafu.

Siku hiyo, tarehe 26, hakuingia kikaoni kwa sababu jambo lilimhusu. Nilisoma maombi mimi. Yeye alikaa nje kwenye benchi la waombaji, kuanzia saa tatu asubuhi, bahasha magotini. Tulikwenda vizuri mpaka namba themanini na saba, mfanyabiashara anayetaka kujenga nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili na choo kimoja. Wajumbe walimpigia kelele kwa pamoja, "Choo kiko wapi?" na mabishano yakachukua saa nzima. Saa kumi kasoro robo mjumbe mmoja alisimama, akasema ana msiba Heru Juu na bodaboda inamsubiri. Akiondoka akidi inavunjika. Sikumwomba kitu, nilisimama tu na faili mkononi, na nadhani uso wangu ulisema yote. Alikaa. Namba themanini na nane ilichukua dakika nne na haikupata swali hata moja.

Nilitoka nje kumpa habari. Nilitikisa kichwa kukubali, na Mzee Venanti akafunika uso kwa bahasha. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeishikilia tangu Machi. Bwana Lukmani, ambaye hatujawahi kumwona akikimbia, alikimbia kwenda kumpigia simu Mama Immakulata. Mzee alipoishusha bahasha, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba benchi lile ni gumu mno. Kwenye taarifa yake ya makabidhiano, jambo namba moja ni kwamba benchi la waombaji liwekewe egemeo. Fundi anakuja wiki ijayo.

Ijumaa kibali kilisainiwa. Alikikagua mstari kwa mstari, akakosa cha kuzungushia duara, akatia sahihi daftarini kukipokea. Kisha akachukua kopo la rangi nyeupe na tukaandamana naye hadi Kumwayi, kwa kuwa aliyeandika ndiye afute na yeye bado alikuwa kazini. Mama Immakulata aliuondoa ungo ukutani mwenyewe, akaukung'uta vumbi, akausimamisha mlangoni. Mzee akapaka pole pole mpaka nyekundu yote ikaisha. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho iliyoandikwa ofisini: nyumba namba kumi na nne, alama imefutwa.

Tulipiga makofi. Mama Immakulata hakupiga. Alilitazama lile doa jeupe katikati ya ukuta wa matofali ya kuchoma, akamwambia mumewe kwa upole, "Baba Benita, na ukuta uliobaki?" Kisha akaenda kupepeta maharage kwa ungo wake.

Mzee Venanti, tunakushukuru kwa milango inayofunguka kwa nje, kwa visima vilivyo safi, kwa duka la baba yangu, na kwa foleni uliyoiheshimu hata ilipokuwa inakula nyumba yako. Ulitufundisha kwamba karatasi ile ni makazi ya mtu, na mwaka huu tumeelewa. Nenda ukapumzike kwako, na safari hii tunasema kwako bila wasiwasi wowote. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kukaa barazani na Mama Immakulata.

Zawadi ya ofisi ni ndoo nne za rangi, na rangi amechagua Mama. Brashi unayo.

Arielle Ininahazwe
Fundi Sanifu, Ofisi ya Vibali vya Ujenzi, Muhororo