Nyapara Anapenda Marvin

Asubuhi hiyo ya Julai, nyapara wa kiwanda cha sabuni alichagua vibarua wake, akafunga geti. Sisi tulioachwa tukarudi kijiweni Mbotela, kwenye benchi la Mumina muuzaji, kunywa kahawa na kutafuta tulipokosea. Mimi kusema kweli mambo ya huyu nyapara yalikuwa yamenichosha akili. Lakini aliyeumia zaidi ni Wasike. Mkewe Nabalayo alikuwa anafika Jumamosi na mtoto kutoka Webuye, na Wasike alikuwa amemwambia kazi ipo.

Ochola, ambaye tunamwita Hesabu kwa vile hawezi kuona watu wawili bila kuwajumlisha, ndiye alianza.

— Nimewacheki wote walioingia wiki hii. Jumatatu nilidhani ni viatu, anataka wenye gambuti. Jana akaingia msee na slipas miguuni.

— Basi ni upande, nikasema. Anachukua wa kushoto.

— Kushoto kwake ama kwetu?

Nikageuka kwenye benchi kupima. Irungu Mapengo akadai ni mambo ya chai: nyapara akinywa ya maziwa anataka warefu, akinywa ya rangi anataka wafupi. Tukamuuliza chai ya mtu utaijuaje ukiwa nje ya geti. Akasema ni harufu.

— Wacheni, Hesabu akamkata. Leo nimeshika. Kila mtu aliyeingia alikuwa na marvin kichwani. Kila mtu, maze.

Tukakumbuka, na ilikuwa kweli. Kofia za sufu tupu. Wasike akajipapasa kichwa chake kisicho na kitu, macho yakamtoka. Mapengo akavua marvin yake, imetoboka kisogoni, akasema anaweza kubadilishana na koti la Wasike. Koti lenyewe ni zito, la marehemu babake, na Wasike hana lingine. Roho iliniuma, lakini na mimi nilikuwa nimeamini. Akalivua.

Muhonja, aliyehamia ploti ya nyuma juzi, alikuwa amesimama na kikombe chake akitusikiliza.

— Na nyinyi mlioachwa, akauliza, kwani mlienda vichwa wazi?

Hesabu akashika marvin yake. Nikashika yangu. Na hiyo aliyoichukua Wasike ilikuwa getini asubuhi hiyo hiyo, kichwani mwa Mapengo.  Mumina akainamisha birika, yakatoka machicha ya kahawa tu.

— Mapengo, Wasike akasema polepole, nirudishie koti.

Mapengo alikuwa ashafunga vifungo mpaka shingoni.

— Ngoja kwanza tuone kesho.