Ngowa Kiti na Maziwa Yasiyoonja Moto

"Nileteeni daktari yeyote tushindane kupanda ngazi! Miaka ishirini nanywa maziwa ya mbuzi mabichi, na homa haijui ninapolala." Hayo aliyasema marehemu Ngowa Kiti mbele ya baraza zima la Kibokoni, mwaka 2023. Watu walicheka. Homa ilikuwa inasikiliza.

Marehemu alizaliwa Bamba, Kilifi, tarehe 14 Aprili 1969, mtoto wa tatu wa Mzee Kiti Mung'aro. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu zilimshinda, ila mbuzi hakuwahi kukosea hata mmoja.

Mwaka 1988 alikuja Mombasa, akapakia mizigo ya mabasi Mwembe Tayari hadi mgongo ukakataa. Ndipo akafuga mbuzi nyuma ya nyumba yake Majengo, akawa anapeleka maziwa Kibokoni kwa baiskeli. Mteja wake wa kwanza, Bi Afaf, aliyateleka motoni papo hapo.

"Unaniulia maziwa, Bi Afaf!"

"Bora yafe hayo, babangu. Mimi nina wajukuu."

Alinuna wiki nzima, na kila asubuhi akampelekea.

Alifunga ndoa na Nyevu tarehe 7 Desemba 1996, wakajaliwa binti mmoja, Kadzo.

Februari 2024 mbuzi wawili walitupa mimba. Marehemu alivuta vitoto vilivyokufa kwa mikono mitupu, akaisuuza kwa maji, akaendelea kukamua. Daktari wa mifugo alimsihi: mbuzi wapimwe, avae glavu, maziwa yachemke. Akajibu, "Na makaa utanunua wewe?"

Aprili homa ikaanza, ikipanda na kushuka, na jasho la kulowesha godoro. Alijitibu malaria mara tatu kwa dawa za dukani. Hospitali ikampima damu, ikakuta brusela, ugonjwa wa mifugo uliompata kwa maziwa na mikono ile. Alipewa dawa za wiki sita. Wiki ya pili alipata nafuu, akaziacha. Ugonjwa ukahamia moyoni. Alifariki tarehe 9 Novemba 2024.

Ameacha mjane Nyevu, binti yake Kadzo, na mbuzi sita ambao hakuna anayewagusa. Kadzo ana mimba ya miezi mitano, na maziwa hayo aliyanywa hadi Septemba. Juzi alianza kutetemeka. Majibu ya damu yake yanatoka kesho. Wateja wote, nendeni mkapimwe. Chai ya leo ni ya mkandaa, haina maziwa.

Ngowa, pumzika; hapo ulipo pasikufikie homa.

Kopo la makaa Majengo ni shilingi mia moja.