Mashine ya Oresta na Mshahara Niliouongeza kwa Mdomo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana ninaloleta leo si la kupendeza na nahitaji mnishike mkono. Naitwa Dafroza, mzaliwa wa Pito. Wengine mnanijua kama yule dada wa mbolea na mbegu. Wengi zaidi mnanijua kama dada yake Oresta, na kwa miaka mingi jina hilo ndilo lililokuwa linanichoma.

Kwetu tumezaliwa wasichana watatu. Mimi wa kwanza, Oresta ananifuata, na Skola ndiye kitinda mimba. Mama alifariki Skola akiwa mdogo, Baba akatulea kwa jembe la ng'ombe na mahindi. Mimi darasani nilikuwa moto. Oresta kidato cha nne alipata ziro, na nilimcheka mpaka Baba akanikemea. Baadaye nikaenda Dar es Salaam kusomea shahada ya mauzo na masoko. Baba hakuwa na ada, kwa hiyo nikasaini mkopo wa chuo. Nilisaini kwa mbwembwe, kalamu inaruka, kama vile atakayelipa ni mtu mwingine.

Kumbukeni miaka ile. Zamani mahindi yetu yalikuwa ya ushirika, unapeleka gunia halafu unasubiri malipo mpaka unasahau. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye mzani alikuwa mnunuzi, na simu za mkononi zilikuwa zimefika mpaka Mpui. Chuoni tuliambiwa nchi nzima imekuwa soko na sisi ndio tutakaoliendesha. Nikaamini, nikarudi Sumbawanga na kazi ya afisa mauzo, nikijua sasa Pito nzima itanikoma.

Ndugu zangu, mshahara wangu ulikuwa laki mbili na themanini. Ilitoka kodi, ukatoka mfuko wa pensheni, ukatoka mkopo wa chuo. Kilichobaki kililipa chumba na nauli, na mwezi haujafika katikati naanza kukopa sabuni dukani. Wakati huohuo Oresta, na ziro yake, alikuwa ananunua maharage Mpui na kuyapeleka Tunduma. Safari moja ikimwendea vizuri, anarudi na mshahara wangu wa mwezi mzima. Na kwa mwezi alikuwa anakwenda mara mbili.

Sasa niwaambie wivu, maana hapa kanisani tunautaja kwa haraka kama vile ni mafua. Mimi nilihesabu bati za nyumba ya Oresta siku alipoezeka. Zilikuwa arobaini na mbili. Mvua ya mawe ikinyesha nilikuwa natoka nje kuangalia kama upepo unavuma upande wa kwake. Akileta samaki wa migebuka nyumbani kwa Baba, nasema nimeshiba, halafu narudi chumbani kwangu kunywa chai kavu. Kila tukionana ananiambia, "Shikamoo dada," na mimi namcheleweshea marahaba makusudi, asikie kwamba mkubwa ni nani. Akivaa kitenge kipya Jumapili, mahubiri yote yananipita. Hiyo ndiyo roho ya korosho niliyokuwa nayo, na nilikuwa naimba kwaya!

Kilichoniumiza zaidi ni jinsi alivyokuwa anafanya biashara. Mimi nafika kijijini na vipeperushi, naanza kueleza faida za mbegu, na wazee wananitazama tu. Yeye anafika, anachuchumaa, anapiga yale makofi yetu ya heshima, anauliza habari za mji, za ng'ombe, za mgonjwa wa mwaka jana. Bei anaitaja mwishoni kabisa, kama kitu alichotaka kusahau. Na wanamuuzia yeye! Nilikuwa nasema moyoni, huyu hana hata cheti, anachojua ni kusalimia tu. Nilisoma miaka mitatu jinsi ya kumfikia mteja, na mdogo wangu anamfikia kwa magoti.

Basi Skola akamaliza kidato cha sita kule Kaengesa, akafaulu, akachaguliwa kusoma shahada ileile niliyosoma mimi. Wakati huo Oresta alikuwa ameweka akiba ya kununua mashine ya kusaga. Tukakaa nyumbani kwa Baba, sisi wanne. Oresta akanigeukia, akauliza kwa adabu kabisa.

"Dada, wewe ndiye unayeijua hiyo shahada. Inalipa? Kama inalipa sana, mashine naiacha, nalipa ada yote, mtoto asidaiwe. Kama hailipi sana, nanunua mashine, itamsaidia polepole na mkopo achukue kidogo. Sema wewe, sisi tutafuata."

Ndugu zangu, nyumba nzima ilikuwa inanitazama mimi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona slipu yangu ya mshahara. Nilikuwa naificha mpaka kwa Baba. Ningesema ukweli pale pale, Oresta angejua kwamba amenizidi. Lakini haikuwa aibu peke yake. Niliona ile mashine, niliona foleni ya kina mama na vibaba vyao, niliona Oresta akipokea pesa kila siku ya Mungu. Moyo wangu ukasema, isinunuliwe.

Nikasema, "Mimi napokea laki sita. Inalipa. Ila mkopo usimwachie, utamla. Lipa taslimu yote, ndiyo upendo."

Baba akasema asante mwanangu. Skola akanikumbatia. Oresta akatazama mikono yake, kisha akasema, "Basi mashine itasubiri." Jumatatu ya wiki iliyofuata angekwenda benki kulipa. Na mimi nilirudi kwangu nikiwa na furaha, ndugu zangu. Nasema furaha. Niliimba njiani.

Kesho yake Oresta akaniletea debe la maharage, yale ya njano mazuri. Akasema ni shukrani, maana ushauri wa mtu aliyesoma haununuliki. Nilipika yale maharage, nikashindwa kula. Siku ya pili nikajaribu tena, nikayarudisha sufuriani. Nikaanza kuumwa kichwa na kusema ni baridi ya mwezi wa sita. Nilijua kabisa si baridi.

Ikafika Jumapili, siku moja kabla ya benki. Mchungaji akaita wenye ushuhuda. Oresta akasimama. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya dada yake, kwamba alikuwa anaifikiria mashine kuliko damu yake, lakini dada akamfungua macho kwa upendo. Mkapiga makofi, wengi wenu mlikuwepo. Jirani yangu kwenye benchi akanigusa bega, akasema, "Una moyo wewe." Pale pale nikasikia kama naanguka ndani ya mwili wangu mwenyewe. Nikasema kimoyomoyo, Yesu, nikikaa leo, sitasimama tena maisha yangu yote.

Nikasimama. Sikuita hata Bwana asifiwe. Nilisema, "Nimemdanganya. Sipokei laki sita." Nikafungua mkoba, nikatoa slipu, nikaisoma mbele ya watu, mshahara na makato yote mpaka senti ya mwisho. Halafu nikasema lile gumu zaidi. "Sikutaka Oresta anunue mashine. Nilimwonea wivu. Ushauri wangu ulikuwa wa kumrudisha nyuma." Nikalia mpaka sauti ikakatika. Mama mmoja mzee wa maombi akaja kunishika kiuno, akaniambia sikioni, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Leo umezaa." Wakaniombea. Mzigo ule ulinitoka pale, na usiku huo nililala kama mtoto mchanga.

Msidhani mambo yaliisha vizuri hapo hapo. Oresta alitoka kanisani bila kunitazama. Jumatatu hakwenda benki. Alikwenda kwa fundi wa mashine, na habari hiyo niliipata kwa watu. Wiki tatu hakunisemesha. Mashine ilipowashwa, mlio wake ukawa unafika mpaka chumbani kwangu, na ndugu zangu, ule wivu ukarudi kubisha hodi! Nikauambia, hapana, nimeshakuaga mimi. Nikachukua mahindi yangu, nikaenda kupanga foleni na kina mama wengine. Nilipofika mbele Oresta akapokea pesa yangu kama ya mteja yeyote, akanirudishia chenji.

Siku moja jioni akaja kwangu, Skola yuko nyuma yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," nikajibu hapo hapo.

"Leta tena ile karatasi. Mwonyeshe mwenyewe, ndiye atakayelipa mkopo."

Tukaketi kitandani watatu. Skola akauliza maswali ya kweli. Watanikata miaka mingapi? Nisipopata kazi mapema itakuwaje? Nikamjibu bila kupamba. Mwishowe akauliza, "Sasa dada, ulijifunza nini ambacho dada Oresta hakijui?" Nikafikiri. Nikasema, "Nilijifunza kujua kitu kimenigharimu kiasi gani kabla sijakiuza. Mwulize Oresta gunia moja la maharage linamgharimu shilingi ngapi mpaka Tunduma." Oresta akacheka, akasema hajawahi kuipiga hesabu hiyo. Tukapiga hesabu ya usafiri, ushuru, magunia na siku za kulala njiani, tukagundua safari moja kati ya tatu alikuwa anapata hasara bila kujua. Akasema, "Kumbe ile shahada haikwenda bure." Ndiyo mara ya kwanza neno lake halikunichoma.

Skola akaamua mwenyewe. Mwaka mmoja akafanya kazi kwenye mashine, kisha akaenda chuo. Oresta alilipa nusu ya ada, nusu nyingine Skola akachukua mkopo akijua anachosaini. Tulimsindikiza stendi alfajiri. Nilimshika mkono nikamwambia, "Nenda, upate kunizidi." Nakiri mbele zenu, nilisema kwa mdomo tu, moyo ulikuwa bado haujafika. Nilisema kwa imani.

Skola amemaliza. Amepata kazi Mbeya, na mwezi uliopita aliniandikia kwenye simu mshahara wake, wote, pamoja na makato, kama tulivyozoeana sasa. Umeuzidi wangu mbali. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, nikakaa kusubiri maumivu yaje, maana naijua njia yanayopitia. Hayakuja. Nikampigia Oresta, tukashangilia kwenye simu mpaka salio likaisha.

Namshukuru Yesu aliyenitoa huko. Nawashukuru ninyi mlioniombea badala ya kunisema sokoni, ingawa najua wachache mlinisema, na nimewasamehe. Na wewe uliyekaa hapo, kama kuna ndugu yako anayepata na wewe unaugua, usiende nyumbani na ugonjwa huo. Njoo mbele umtaje kwa jina lake, uombe apate zaidi. Mdomo utangulie, moyo Mungu ataufikisha.