Picha ya Mshonaji Aliyesinzia

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutusindikiza, historia hii inasomwa na mdogo wake wa mwisho, yule fundi cherehani, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza asome yeye na si mwingine.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimzoea kwa jina la Mafuta kwa vile hakuna shati lake lililonusurika na rangi za mafuta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza sekondari mwaka 1974, na huko shuleni walimu walimchapa kwa kuchorachora madaftari, kisha haohao wakamwomba awachoree ramani ubaoni.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika karakana ya mabango, na tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati ya jirani, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1984 alinunua kamera kuukuu, akawa anapiga picha mambo ambayo sisi tuliyaona ya kawaida mno, kinyozi akipiga miayo, mama akikamua tambara la deki, wazee wakibishana juu ya redio iliyokufa, kisha anazibandika ukutani na kuzichora upya kwa rangi za mafuta, miezi na miezi, hadi mtu aliyepita kila siku bila kutazamwa akawa mtu ambaye watu husimama kumtazama.

Mwezi Mei 1991 alimpelekea mdogo wake huyu fundi chakula kwenye kiwanda cha nguo, akamkuta amelalia kitambaa, mkono mmoja ungali kwenye gurudumu la cherehani, maana usiku kucha alikuwa akimuuguza mama, na kaka akampiga picha, akaweka chakula taratibu, akaondoka. Picha ile ilimkaa rohoni, akaichora, na ilipotundikwa kwenye maonyesho tarehe 8 Februari 1992, msimamizi wa kiwanda aliitambua sura, na Jumatatu iliyofuata mshonaji akafukuzwa kazi.

“Amenianika makusudi,” alimwambia mama, na mama, aliyekuwa hoi kitandani, akasema kijana wake yule mchoraji asikanyage tena mlangoni pake. Wiki ileile mshonaji alikwenda kuchukua barua yake ya kufukuzwa, na msimamizi akamwambia, “Kaka yako amekuja hapa mara tatu, analia kama mtoto, anasema hakufikiria.” Mshonaji akaikunja barua, na ujumbe huo akaufungia kifuani, akafika nyumbani asimwambie mama. Mama alifariki tarehe 19 Aprili 1992, kaka akiwa amesimama nje ya geti na kofia mkononi.

Aliendelea kuchora, lakini hakupiga tena picha ya mtu bila kumwomba, hata wengine wakamcheka kwamba anaomba ruhusa kama anayeposa. Mwezi Agosti 2018 kifua kilianza kumsumbua, madaktari wakagundua saratani ya mapafu, na mdogo wake akahamia wodini, akamkata kucha, akamnywesha supu kwa kijiko, asiweze kumtazama machoni. Mchana wa tarehe 3 Novemba 2019 mdogo huyo alishindwa kujizuia.

“Kaka, mama aliondoka na kinyongo nawe kwa sababu yangu. Nilijua hukukusudia, nikanyamaza.”

Machozi yakimtiririkia masikioni, kaka akauliza, “Hata kwamba nilikuletea chakula, hukumwambia?”

“Sikumwambia.”

“Basi siku yangu ikifika, historia yangu usome wewe, na hilo ulisome.”

Hakusema amesamehe, na mdogo wake hakuthubutu kuuliza. Alifariki tarehe 21 Novemba 2019, saa nane mchana, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotufungulia nyumba zao, wachoraji wenzake na mafundi wa karakana, pamoja na nyote mliokubali kuchorwa naye.

Kaka, nimesoma yote, sikuruka hata mstari. Ulileta chakula, hukuwa na nia mbaya, na mama alipaswa kuambiwa na mimi. Nenda ukapumzike, kwa ile amani niliyokunyima.