Kompyuta ya Mzee Milimita

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Kelestini, fundi redio, hatua chache kutoka stendi ya Ifakara. Ni ubao uliolazwa juu ya matofali. Wanne wanaenea, wa tano anachuchumaa. Mimi Stumai ndiye ninayeuza kahawa pale, nina jiko la mkaa na vikombe kumi na viwili. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Kelestini mwenyewe tunamwita Waya. Dionisi, karani mstaafu wa stesheni, tunamwita Bulletini, maana taarifa ya habari haimpiti na akiirudia anaitia chumvi. Sayi, Msukuma mwenye ng'ombe upande wa Mofu, jina lake Mnada. Mzee Viktor hakuwa mtu wa kijiwe. Alianza kuja masika ya mwaka tisini na tisa, kompyuta yake ilipogoma kuwaka.

Tulimwita Milimita, lakini si mbele yake. Alikuwa mpima mvua wa mradi mmoja wa wageni waliokuwa wakichunguza maji na mpunga. Kila asubuhi saa tatu anasoma kipimo, anaingiza namba kwenye kompyuta, na kila Ijumaa zinapelekwa kwa njia ya simu. Mradi ulikwisha tisini na sita. Wageni wakafunga mizigo, wakamwachia nyumba ya ofisi aiangalie, na kompyuta. Mkewe Rosemery alikuwa ameshafariki, na hawakujaliwa watoto. Yeye akaendelea kupima. Ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu, "Kumi na mbili nukta nne."

Kwa wiki tatu alikuja kila siku saa kumi jioni. Anakunywa vikombe viwili, anatoa ripoti.

– Shikamoo mzee, Waya alimwamkia siku moja. Leo imefika wapi?

– Marahaba. Palepale. Inawaka, inahesabu, inalia pii mara moja, halafu skrini inabaki nyeusi. Kuna kistari cheupe kwenye kona, kinapepesa. Basi.

– Umeisubiri muda gani?

– Tangu saa tatu mpaka saa saba.

Waya alinitazama. Mtu mzima, saa nne nzima, anaangaliana na kistari.

– Umeme huo, Waya akasema. Jioni mji mzima unapiga pasi, umeme unabaki mwembamba. Kompyuta inataka umeme mnene.

– Mimi nawasha asubuhi.

– Asubuhi watu wanachemsha chai.

Bulletini akatikisa kichwa.

– Nyie redio mnatengeneza, kuisikiliza hamtaki. Wametangaza kompyuta zote duniani zitasimama mwaka elfu mbili ukiingia. Hazijui kuhesabu kupita tisini na tisa. Hii imeshtuka mapema.

– Huu ni mwezi wa nne, Dionisi, mzee akasema.

– Ndiyo nakwambia ina akili. Imechungulia mbele, imeona giza, ikasema mimi siendi.

Mnada huwa hasemi haraka. Alimaliza kikombe chake kwanza.

– Mimi kompyuta siijui. Lakini nilikuwa na ng'ombe wa hivyo. Nimetoka naye Shinyanga na wenzake arobaini. Tumefika mtoni, wote wamevuka, yeye kasimama. Macho yanaona, masikio yanasikia, fimbo unampiga, haendi. Siku mbili.

– Alikuwa anaumwa? nikamuuliza.

– Mzima kabisa. Mwenzake alifia njiani, kule Mkula. Alikuwa anamngoja.

Bulletini akacheka mpaka akamwaga kahawa.

– Sasa kompyuta inamngoja nani?

– Si nimeshasema siijui.

Mzee Viktor hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe kitupu mkononi.

– Kwani mzee, Waya akasema, si uandike kwenye daftari tu yaishe?

– Naandika. Tangu igome naandika. Lakini za nyuma zimo mle. Miaka kumi na minne. Madaftari ya zamani waliondoka nayo. Hata mvua za elninyo zimo. Siku ile maji yameingia ndani mpaka hapa, akagusa kiuno, nilipandisha kompyuta juu ya kabati, nikatoka kwenda kupima. Zile namba hazipo mahali pengine.

– Umewaandikia wenyewe? nikamuuliza.

– Barua nne.

– Wakasemaje?

– Posta ni mbali, akasema.

Jumamosi yake akaileta kompyuta. Safari ya kwanza alikuja na skrini nyuma ya baiskeli, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Safari ya pili akaja na boksi lenyewe na kibodi. Waya akavitandika juu ya meza yake ya kazi, akatoa skrubu, akafunua. Ndani kulikuwa na vumbi la kupanda mchicha. Nyigu walijenga kijumba cha udongo pembeni ya feni, na mayai mawili ya mjusi yalikaa kwenye kona.

– Mjusi, Bulletini akasema. Nilijua.

– Ulisema mwaka elfu mbili.

– Mjusi naye ana mambo yake.

Waya akasafisha kwa brashi ya rangi, polepole, huku mzee anapuliza pale anapoonyeshwa. Wakawasha. Ikahesabu, pii, kistari.

Wakati huo alikuwa ameketi mwisho wa benchi mama mmoja, jina lake Natalia, alitujulisha mwenyewe. Katoka Mang'ula, anangoja basi la kwenda kivukoni, avuke aende Mahenge kwenye msiba wa shangazi yake. Nilimpa kahawa, akawa anaangalia tu.

– Redio ikigoma na humjui anayegomesha, Waya akasema, unatoa kimoja kimoja. Unatoa, unawasha. Ikikataa, unatoa kingine.

Akachomoa waya wa printa. Kistari. Akachomoa kadi moja ndefu, mzee akaandika kwenye karatasi ilikokuwa imekaa. Kistari. Akaishika nyingine, ina tundu la kuchomekea waya wa simu. Mzee akamshika mkono.

– Hiyo acha.

– Ina nini?

– Hiyo ni ya simu.

– Kwani una simu?

– Walikata.

– Sasa?

– Iache kwanza. Jaribu nyingine.

Wakajaribu nyingine. Wakatoa vipande vya kumbukumbu wakavirudisha, wakabana kila waya. Kila mara ni kistari kilekile. Mpaka ikabaki ile kadi ya simu peke yake haijatolewa. Waya hakuigusa tena. Alikaa, akawasha sigara, akaangalia barabarani. Mzee alisimama muda mrefu mikono iko mezani. Halafu akachukua bisibisi yeye mwenyewe, akalegeza skrubu, akaitoa.

Wakawasha. Pii. Kistari kikapepesa mara tatu, nne, halafu maandishi meupe yakaanza kushuka, na mwisho ikaja picha ya mawingu.

Mzee alivaa miwani, akabonyeza hapa na pale, na namba zikajipanga kwenye skrini toka juu mpaka chini. Akasogeza uso karibu.

– Zipo, akasema. Tarehe mbili, mwezi wa pili, tisini na nane. Themanini na tisa nukta moja. Ndiyo hiyo ya maji kiunoni. Zote zipo.

Waya akampigapiga begani. Mnada akaomba aonyeshwe siku aliyoingia bondeni na ng'ombe wake, akaambiwa siku hiyo haikunyesha, akakubali kwamba kweli haikunyesha. Tulikuwa na furaha, nisiseme uongo.

Natalia ndiye aliyeuliza.

– Samahani baba, mimi mgeni. Hicho ulichotoa kilikuwa na kazi gani?

– Hiki? Cha kupeleka hizi namba.

– Kupeleka wapi?

– Kwa wenyewe. Kila Ijumaa saa nne.

– Sasa bila hicho zitakwenda kwa nani?

Waya alianza kufuta bisibisi ambayo haikuwa na uchafu. Bulletini, ambaye ana jibu la kila kitu mpaka vita vya nchi asizozijua, aligeuka akaangalia stendi. Mnada alikuwa anachora chini kwa fimbo. Mzee Viktor aliitazama ile kadi kiganjani, akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena.

– Nimeuliza tu, Natalia akasema.

Basi lake likapiga honi. Aliweka kikombe, akabeba kapu lake, akaaga kila mtu kwa heshima, akaenda.

– Niongezee, Stumai, Bulletini akasema, akaninyooshea kikombe.

Nikainamisha birika. Kahawa imekwisha, zilitoka sira tu.

Nilifunika jiko nikamsindikiza mzee. Waya alitangulia na skrini akaiacha mlangoni, akarudi kwenye kazi yake. Mimi nilishikilia boksi nyuma ya baiskeli, mzee anasukuma, kibodi ameibana kwapani. Nyumba ile nilikuwa sijawahi kuingia. Kulikuwa na meza sita za ofisi, tano zimefunikwa mashuka, kitanda chake kiko katikati ya hizo meza.

Alifunga waya zote mwenyewe, akawasha, akaketi. Akafungua daftari la zile wiki tatu.

– Nikusaidie kukusomea? nikamuuliza.

– Hapana mama. Umechoka. Ahsante.

Nikasema basi mzee, kesho njoo kijiweni, hata kama haijaharibika. Akasema, "Ndiyo." Lakini alikuwa ameshaanza. Anachapa kwa kidole kimoja, anaangalia daftari, anachapa.

Nilipofika barabarani matone yakaanza. Kwenye uwanja wa ile ofisi, nyuma ya uzio, kipimo chake kilikuwa kimesimama peke yake kwenye nguzo, na maji yalikuwa yameanza kuingia.