Bi Kizibo, Mkaguzi Aliyeangushwa na Mtaa Wake

Wapendwa wote mliofika kumsindikiza dada yetu, familia imemkabidhi karatasi hizi mdogo wa marehemu, dereva wa malori ya masafa marefu, azisome kwa niaba yao, na si kwa ajili ya sauti yake, kwani mnaijua, bali kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo, akaagiza pia kwamba zisomwe zote.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1963, saa mbili asubuhi, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba fundi seremala na mama mshonaji, na kwa miaka tisa alikuwa peke yake, kitanda kizima chake, mpaka alipozaliwa mdogo wake huyu, mtoto aliyelia mfululizo hata wapangaji wenzao wakawa wanauliza kwa upole kama familia haina ndugu wa mbali wa kumpelekea, na ambaye marehemu alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na hata baada ya kujua, maana mtoto huyo aligundua mapema kwamba kubebwa kuna raha zake.

Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na kituo cha reli kuanzia Januari 1970 hadi Novemba 1976, ambako alikuwa kiranja wa usafi tangu darasa la tatu, na inakumbukwa kwamba aliwahi kuandika jina la mwalimu mkuu kwenye orodha ya watupa taka, kwa kosa la ganda la ndizi lililotoka dirishani kwake, jambo ambalo mwalimu mkuu alilikana huku nusu ya ndizi ikiwa bado mkononi. Aliendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1977 hadi 1980, kisha akajiunga na chuo cha maofisa afya Januari 1982, akahitimu Novemba 1984 na kupata cheti cha afya ya mazingira.

Tarehe 1 Februari 1985 aliajiriwa na halmashauri kama mkaguzi msaidizi wa afya, akapewa nusu ya meza katika chumba namba sita, dirisha likitazama yadi ya magari ya taka, na wakati huo magari yalikuwa ya halmashauri yenyewe, mabovu lakini yetu. Katika chumba hicho ndimo alimoingia fundi wa mashine za kuchapa, akiwa ameitwa kutengeneza mashine moja, akarudi mara nane kuitengeneza mashine ileile, mpaka karani akamwambia waziwazi, "Fundi, mwambie dada unachotaka, mashine yetu ipone," na wakafunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea na mwana ambaye ni fundi umeme, na wakaishi pamoja katika nyumba namba kumi na moja ya mtaa huu hadi mumewe alipofariki tarehe 22 Aprili 2009.

Kuanzia tarehe 1 Julai 2003 halmashauri iliacha kuzoa taka na kufagia barabara yenyewe, kazi ikapewa mkandarasi, na marehemu akawa mmoja wa wakaguzi wanne waliotakiwa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye mkataba ndicho kinachofanyika mitaani, yeye akiangalia mitaa kumi na minne, ukiwemo huu wetu. Alitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, viatu vya raba miguuni, daftari lenye jalada gumu kwapani, akihesabu wafagiaji, akiuliza glovu zao ziko wapi, akifunua mapipa kwa fimbo, na kwa kuwa wasimamizi wa mkandarasi walizoea kumwambia, "Tumefagia, mama, ni upepo tu umerudisha," alianza kuacha kizibo cha soda kwenye ukingo wa barabara jioni, mahali anapopajua yeye tu, na asubuhi akikikuta palepale humwambia msimamizi, "Upepo wenu una adabu, umerudisha taka zote ukakiruka kizibo changu," na ndipo wafagiaji walipompa jina la Bi Kizibo, ambalo hata mumewe alilitumia alipotaka chai.

Mwaka 2016 halmashauri ilileta utaratibu mpya, kwamba kila nyumba ipewe kadi ya miezi mitatu yenye visanduku ishirini na saba, na kila Jumanne na Ijumaa, lori likishazoa taka, mwenye nyumba asaini kisanduku cha siku hiyo, kisha mwisho wa miezi mitatu mkandarasi azikusanye kadi na kuzipeleka ofisini, zilinganishwe na daftari la mkaguzi. Siku ya kwanza, Ijumaa tarehe 1 Julai, lori lilifika likiwa na msimamizi mmoja mwenye kitambi na meno mazuri, aliyemwita kila mtu shemeji ingawa hakuoa kwetu, akapita mlango kwa mlango akisema, "Shemeji, habari za kutoka na kandambili kila Jumanne na Ijumaa za nini, malizia visanduku vyote leo nikuache upumzike," na nyumba zote ishirini na tatu zikasaini, naye akaondoka na kadi, hakuna aliyetishwa, hakuna aliyepewa kitu, zilisaini kwa uvivu na kwa kuona aibu kumkatalia mtu mcheshi. Marehemu wakati huo alikuwa kazini mtaa wa pili, na aliyefungua mlango wa nyumba namba kumi na moja alikuwa mdogo wake, aliyefikia hapo kati ya safari mbili, mtu aliyevuka mipaka tisa kwa miaka ishirini na mitatu bila kusaini mzigo hata mmoja kabla ya kuuona kwa macho, na ambaye asubuhi ile alisaini visanduku ishirini na saba akiwa na mswaki mdomoni.

Lori lilikuja tena tarehe 5 na tarehe 8 Julai, halafu halikuja tena. Taka zilijaa mapipa, zikashuka mtaroni, mtaro ukaziba, maji machafu yakasimama mbele ya duka la kona, na sisi wote tukamgeukia marehemu, mama mwenye duka akimwita dirishani, "Dada, wewe ndiwe halmashauri yetu hapa, nzi wa kwangu sasa wananijua kwa jina," fundi viatu akimwambia kwamba hata ngozi mbichi ina harufu ya heri, na alipotuomba tuandike malalamiko yetu tukamjibu, "Ya nini kuandika na wewe upo?" tukamvika kilemba cha ukoka, tukamsukuma mbele, na katika maneno yote hayo, kwa miezi mitatu, hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba tulishasaini. Yeye aliandika daftarini, siku kwa siku, na mwisho wa Septemba alipeleka taarifa rasmi kwamba mtaa huu umerukwa mara ishirini na nne, akapendekeza mkandarasi aondolewe.

Kikao cha kamati ya usafi kilifanyika Alhamisi tarehe 17 Novemba 2016, saa nne asubuhi, katika ukumbi mdogo wa halmashauri, na wakazi kumi na saba walikwenda kumuunga mkono, wamepiga pasi, mdogo wake akiwa mstari wa tatu. Mkandarasi hakubishana, aliweka kadi mezani, zimefungwa kwa mpira, na mwenyekiti akasema, "Bi mkaguzi, hebu tusomee wewe mwenyewe," naye akavaa miwani, akasoma kuanzia nyumba namba moja, "Amesaini, mara ishirini na saba," namba mbili, "Amesaini, mara ishirini na saba," akiinua macho kila mara kumtazama mwenye nyumba, na kila mwenye nyumba akitazama viatu vyake. Alipofika namba kumi na moja aliitazama ile saini yenye mkia uliopinda kama ndoano, ambayo yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake mwaka 1992 kwenye meza ya jikoni, mdogo wake alipokuwa akiomba leseni, kisha akasema, "Amesaini," bila kuhesabu mara ngapi, na bila kuinua macho akaendelea na namba kumi na mbili. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye saini anayetaka kusema neno, mama mwenye duka akakohoa, tukamgeukia wote kwa matumaini, kumbe alikuwa anakohoa tu.

Kwa barua ya tarehe 5 Desemba 2016 halmashauri ilieleza kwamba marehemu aliwasilisha taarifa isiyo ya kweli, ikamwondoa kwenye ukaguzi, ikamweka katika stoo ya vifaa, chumba kisicho na dirisha, ambako alitoa na kupokea mafagio na matoroli hadi alipostaafu tarehe 9 Machi 2023, na marehemu aliagiza hapa pasiandikwe kwamba alihamishwa kikazi, paandikwe kwamba aliondolewa. Mkandarasi aliongezewa muda. Mdogo wake alipata safari siku moja baada ya kikao, na kama isingepatikana angeitafuta, akarudi baada ya wiki tatu na seti ya masufuria kutoka nchi ya nne ya safari hiyo, na marehemu akaipokea, akasema asante, akayapanga kabatini, na kwa miaka karibu minane aliyobaki nayo hakuwahi kupikia hata moja, wala hakuwahi kumuuliza kitu, alimkaribisha, alimpikia, alimfulia shati la safari, lakini jioni hakumsimulia tena habari za kazi, na aliyekuwa akisimuliwa tangu akiwa mgongoni akajua kwamba mlango huo umefungwa.

Marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo Januari 2024, akagundulika na uvimbe mwezi Mei, na asubuhi ya tarehe 12 Juni, alipotakiwa kufanyiwa upasuaji, muuguzi alileta fomu ya ndugu wa karibu kuridhia, mdogo wake akatoa kalamu mfukoni, na marehemu, akiwa amelala tayari kwenye kitanda cha magurudumu, akamwambia muuguzi kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu hapana, mwanangu, huyu ni mwepesi wa kusaini, tumsubiri binti yangu," na upasuaji ukasubiri kwa muda wa saa tano mpaka binti aliposhuka kwenye basi. Alipata nafuu ya wiki sita, kisha hali ikabadilika, na akafariki Jumanne tarehe 3 Septemba 2024, saa nne asubuhi, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo wake mmoja, ambaye siku mbili kabla alikaa kitini pale kitandani kumwambia lile alilopaswa kumwambia miaka minane nyuma, akaishia kumuuliza kama anataka maji.

Familia inawashukuru madaktari waliompokea na kumhudumia, na kwa namna ya pekee muuguzi yule aliyekubali kungoja, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa stoo waliomletea kiti chenye mto na kumwita mkaguzi mpaka siku yake ya mwisho kazini, na inawashukuru wafagiaji waliofika tangu alfajiri, ambao hawakuhitaji kuambiwa yeye ni nani.

Majirani, tunawashukuru kwa turubai, kwa viti, kwa maji na kwa kushinda nasi tangu Jumanne, hayo mmeyafanya kwa moyo na hakuna wa kuyapinga. Lakini marehemu hakuwahi kuwaomba turubai. Alichohitaji ni mtu mmoja aseme mbele ya watu kitu ambacho kila mtu alikuwa anakijua, na kwa kuwa hakikusemwa pale ukumbini, nakisema hapa, mbele yake, nikiwa nimechelewa: kuanzia Jumanne tarehe 12 Julai hadi Ijumaa tarehe 30 Septemba 2016, siku ishirini na nne za zamu, lori halikupita katika mtaa huu, saini zinazosema limepita tuliziweka zote siku moja, na ya nyumba namba kumi na moja niliiweka mimi. Taarifa ya dada yangu ilikuwa ya kweli, kila mstari. Familia inataka barua ile ifutwe kwenye faili lake, na juzi halmashauri imetujibu kwamba kwa hilo itawasikiliza wakazi wenyewe, si wafiwa.

Kwa hiyo kabla hatujambeba, ninyi wa zile nyumba ishirini na mbili mliopo hapa, naomba msimame. Kusimama kwangu hakuhesabiki, mimi nimesimama kwa sababu nasoma. Hakuna karatasi, hakuna kalamu, simameni tu, watoto wake wawaone. Hatuna haraka, jua bado liko juu.

Dada, wewe pumzika kwa amani, kungoja tutangoja sisi.