Kadi ya Dada

KIROBOTO: Haloo? Ni nani?

DADA: Nani tena! Dada yako.

KIROBOTO: Shikamoo, dada. Sema upesi, naenda kukatwa kidole tumbo. Wamenivisha gauni, mgongo wote nje kama mbuzi wa buchani.

DADA: Marahaba. Kiroboto, nimefungua droo. Kadi yako nyekundu ya ugonjwa wa ini imelala hapa. Kadi yangu ya bima haipo.

KIROBOTO: Mtandao unakwaruza, siku—

DADA: Unanisikia sana!

KIROBOTO: Nimeazima. Yangu imekwisha muda. Sura zetu moja, nani atajua?

DADA: Kwa hiyo hapo wewe ndiye mimi?

KIROBOTO: Mpaka kesho jioni tu.

DADA: Na faili langu linasemaje?

KIROBOTO: Linakusifu! Buheri wa afya, dawa zote ruksa. Muuguzi kanipongeza: watoto watatu na tumbo limerudi.

DADA: Acha mzaha! Wewe mkojo wako ukikaa juani unageuka zambarau—

KIROBOTO: Taratibu! Umeweka spika?

DADA: Nitautangazia mtaa mzima! Kuna dawa za usingizi ini lako haliziwezi. Mama aliingia chumba kama hicho kwa miguu yake, wakamchoma ya usingizi, na—

KIROBOTO: Najua, dada. Lakini nikisema, watakufutia bima. Wanao, je?

DADA: Wanangu wanamtaka mama yao mdogo. Waifute!

KIROBOTO: Daktari wa usingizi huyo anakuja. Ana sindano.

DADA: Mwambie!

KIROBOTO: Naona haya.

DADA: Mgongo nje huoni haya?

KIROBOTO: [pembeni] Daktari, samahani, usinichome kwanza. Kadi hiyo ni ya dada yangu. Mimi ini langu lina ugonjwa wa kurithi… Porifiria. Ndiyo, nina hakika… Ndiyo, nilidanganya.

DADA: Haloo? Haloo! Anasemaje?

KIROBOTO: Kanitazama kama nimemtapikia viatu.

DADA: Na sindano?

KIROBOTO: Kairudisha kwenye sinia. Anasema zipo nyingine salama, ila anataka orodha yote iliyo kwenye kadi nyekundu. Sasa hivi.

DADA: Ninayo mkononi. Mpe simu, upesi, salio linakwisha.

KIROBOTO: Haya. Dada… unalia?

DADA: Nina mafua. Mpe simu!

KIROBOTO: Kwaheri, dada.

DADA: Kwaheri ya nini, mjinga wewe? Sema tutaonana!

KIROBOTO: Tutaonana.